Namba Mbili Mlangoni

Kila asubuhi Pelagia alifagia ua akienda kinyumenyume. Alianza mlangoni, akainama na ufagio wake wa vijiti, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka langoni, ili asiache nyayo pale alipokwisha kufagia. Mama mkwe wake, bibi Theodosia, ndiye aliyemfundisha hivyo mwaka alioolewa, na miaka kumi baadaye bado alimtazama kila siku kutoka kwenye kigoda chake kando ya jiko, kama vile bi harusi ameletwa jana.

Asubuhi hiyo alikuwa amebakiza hatua mbili tu kufika langoni, kisigino chake kikakanyaga kiatu cha mtu.

“Pole, dada,” alisema mwenye kiatu. Alikuwa mgambo, kijana mrefu mwenye shati la kaki, na mkononi alishika kopo la rangi nyekundu na brashi. “Hapa ndipo kwa Evaristi?”

“Ndipo.” Pelagia aliweka ufagio chini, akakunja goti na kupiga makofi taratibu, maana mgeni ni mgeni hata akija bila kubisha hodi. Akasalimu, “Mwakeye.”

“Twakeye. Nimetoka Kumugara. Bwana Melkiadi, katibu kata, amenituma kuandika namba kwenye nyumba za watu wetu watakaohama.”

Alikatiza katikati ya ua uliofagiliwa, viatu vyake vikaacha alama mpaka mlangoni. Hapo akasimama, brashi ikiwa hewani. Mlango ulikuwa na namba tayari. Iliandikwa kwa chokaa, kubwa na ya kujipinda: R 47.

“Nani kaandika hii?”

Pelagia alitazama ufagio wake. Aliyejibu alikuwa bibi Theodosia. “Wenzako, mjukuu wangu. Walikuja juzijuzi. Wao walikuwa na chokaa. Wewe una nyekundu, inapendeza zaidi.”

“Wenzangu gani, bibi? Hii R ni Rusabagi. Rusabagi ni Wilaya ya Kasulu. Sisi ni Kibondo.”

“Ego, ndiyo,” alisema bibi. “Nao walikuwa vijana wazuri.”

Mgambo alijikuna kisogo. Alitazama karatasi yake, akatazama mlango. Hatimaye akachovya brashi na kuandika K 12 chini ya R 47, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa. Rangi ikachuruzika mpaka kizingitini.

“Lakini hili nitalisema,” alisema akifunika kopo. “Hakuna nyumba ya wilaya mbili. Jumamosi tunashuka kubomoa nyumba zote zilizobaki bondeni. Mwenye kijiji ataonyeshwa kiwanja chake. Asiye na kijiji, mimi sijui.”

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

* * *

Mpaka wa wilaya hizo mbili ulikuwa mto Nyamihare: Kasulu kusini, Kibondo kaskazini. Kwa watu wengi jambo hilo halikuwa na shida yoyote. Lakini mwaka wa mvua kubwa, ule wa Uhuru, mto uliacha njia yake ya zamani ukachimba nyingine upande wa kusini, na nyumba ya Evaristi ikabaki katikati. Ukifuata njia ya zamani, ambayo sasa ilikuwa handaki lenye matete, Evaristi alikuwa mtu wa Kasulu. Ukifuata mto wenye maji, alikuwa mtu wa Kibondo. Kwa miaka kumi na tatu hakuna aliyejali. Kadi yake ya TANU aliichukulia Kasulu, watoto wake watatu walibatizwa Kibondo, na chumvi alinunua popote ilipopatikana.

Sasa, mwaka wa sabini na nne, ilikuwa imeamriwa kila mtu aishi katika kijiji. Kijiji kilikuwa cha kata, kata ya tarafa, tarafa ya wilaya, na kila ngazi ilikuwa na mtu mwenye kitabu. Bwana Saidi Hilali, katibu kata wa Rusabagi, ndiye aliyetangulia kufika na kitabu chake. Evaristi alimpa kigoda, akamtolea pombe ya ndizi, na alipoulizwa kama yuko tayari kuwa mtu wa Rusabagi akajibu, “Sisi ni wenu, bwana.” Siku nane baadaye akaja Bwana Melkiadi wa Kumugara. Akapewa kigoda kilekile, pombe ileile na jibu lilelile.

Kwa malezi aliyolelewa Evaristi, mtu aliyesimama uani kwako haambiwi kwamba amekosea njia. Anaambiwa neno la kumfurahisha, anakunywa, anaondoka akiimba; mengine hupangwa baadaye, yeye akiwa hayupo. Baba yake alipokea watu hivyo, na babu yake pia. Hakuona kwamba amesema uongo. Ila wageni wa siku hizo walikuwa wanaandika.

Kisha yakaja mahindi. Mvua ilikuwa imekosekana, na serikali ilileta mahindi ya njano kwa waliokwisha kuandikwa. Evaristi alipewa debe Rusabagi. Jumapili iliyofuata, Pelagia alipotoka kanisani Kumugara, alisikia mtu akisoma majina mbele ya shule. “Evaristi, watu sita!” Watu waligeuka kumtazama. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumbani binti yake Niyibizi alikuwa ameanza kulala mchana kwa njaa. Pelagia alitandika kanga yake chini, wakammiminia.

* * *

Jumatano mume na mke walikwenda Rusabagi kueleza. Ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Bibi Theodosia alisema si kazi ya mwanamke kwenda maofisini na tumbo mbele, lakini Pelagia alijifunga kanga yake akaenda. Alimjua mume wake. Angetumwa peke yake, angerudi amewafurahisha watu wote na hana kitu.

Ofisi ya Bwana Hilali ilikuwa baraza la ghala, meza moja na kitabu kimoja. Mbele yake watu wapatao thelathini walisubiri mahindi. Bwana Hilali alizaliwa Kasulu mjini, baba yake alikuwa mwenye duka, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kama cha watu wa Ujiji. Alipowaona alifungua mikono.

“Karibu, karibu, mzee wa wilaya mbili!”

Watu kwenye mstari walicheka.

“Habari zako zimekutangulia, ndugu yangu. Jana jioni wenzetu wa Kumugara wameleta mtu hapa. Wanasema nimewaibia nyumba.”

“Hapana, bwana,” alisema Evaristi.

“Hapana nini? Sikuiba, au hukuandikishwa kwao?”

“Ndiyo, bwana.”

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Evaristi naye alitabasamu, kwa sababu watu walikuwa wanafurahi na hakutaka kuwaharibia. Pelagia alisogea mbele ya mume wake nusu hatua.

“Bwana mkubwa, kosa ni letu. Tunaomba utusaidie. Jumamosi wanabomoa.”

“Wewe ndiye mama mwenye nyumba? Vizuri, wewe unasema mambo yanaeleweka. Niambie: debe la Kumugara mlichukua, hamkuchukua?”

“Tulichukua.”

“Na letu?”

“Na lenu.”

“Lipi tamu?”

Mwanamke mmoja wa makamo, Mwamvua, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari na ambaye alikuwa amechoka kusubiri, alipaza sauti. “Mwacheni mwenzenu! Hamuoni ana tumbo la watu wawili? Acheni ale wilaya mbili!”

Hata mgambo aliyepima mahindi aliweka kopo chini acheke vizuri. Pelagia alihisi masikio yake yakiwaka moto. Aliwaza kwamba mwanamke huyo hakuwa mbaya, labda hata alitaka kumsaidia, na hilo halikupunguza kitu.

Bwana Hilali alifungua kitabu, akatafuta ukurasa kwa kidole. Aliweka rula chini ya jina la Evaristi, akapiga mstari mwekundu juu yake, mstari ulionyooka kabisa. Kisha akapuliza wino ukauke.

“Nimekutoa. Si kwa chuki, Evaristi, wallahi si kwa chuki. Nimesemwa mbele ya mkuu wangu kwa ajili yako. Sasa sikiliza. Ukiniletea barua ya Melkiadi, inayosema Kumugara wamekufuta, nakurudisha saa hiyohiyo. Kiwanja chako kipo, namba arobaini na saba, karibu na kisima.”

“Labda ameshatufuta, bwana,” alisema Pelagia.

“Labda haina muhuri, mama.”

Evaristi alipiga makofi ya kushukuru, akainama. Alimshukuru kwa muda mrefu mpaka Pelagia akamvuta shati.

* * *

Alhamisi walikwenda Kumugara, saa mbili kwa upande wa pili, kwa mwendo wa mwanamke mzito. Walivuka handaki la matete. Njiani Pelagia alipumzika mara tatu, na kila mara Evaristi alisimama mbali kidogo akitazama milima, kama mtu aliyesimama kwa hiari yake.

Kijiji kipya kilikuwa viwanja vilivyopangwa mistari kama matuta ya viazi, na nyumba chache zenye miti tu, bila udongo. Mwisho wa mstari ilikuwa shule, na baada ya shule zahanati ya misheni yenye bati jipya. Hapo ndipo Pelagia alipojifungua watoto wake wote watatu. Wa kwanza alikuja amelala vibaya, na mtawa mmoja mnene alikesha naye akimgeuza kwa mikono. Pelagia alitazama bati lile likimeremeta, kisha akatazama chini.

Bwana Melkiadi hakuwa mtu wa mzaha. Alizaliwa bonde la pili tu kutoka hapo, alimfahamu marehemu Nsabimana, baba yake Evaristi, na alipowaona hakuinuka.

“Umekuja,” alisema.

“Nimekuja, Bwana Melkiadi. Amahoro,” Evaristi alimtakia amani.

“Amahoro yako uliyapeleka Rusabagi. Evaristi, mimi nilikunywa kwako. Uliniambia kwa mdomo wako, nyinyi ni wangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimempata mtoto wa Nsabimana, hawa wa Kasulu hawampati. Nikakuwekea kiwanja kizuri. Kumbe nimekalia kigoda ambacho mwenzangu ametoka kukikalia.”

Evaristi alitazama vidole vya miguu yake. “Sisi ni wenu, Bwana Melkiadi.”

Pelagia alitamani kukaa chini pale pale kwenye vumbi.

“Amesema hivyo tena?” Bwana Melkiadi alimuuliza Pelagia. “Mama, umemsikia?”

“Nimemsikia. Bwana Melkiadi, tunaomba barua moja tu. Bwana Hilali anasema ukiandika kwamba umetufuta, atatupokea. Au wewe utupokee, basi, na hiyo barua hatuitaki.”

“Kuwapokea siwezi mpaka Kasulu waandike kwamba hawawadai tena. Na kuandika kwamba nimewafuta siwezi pia. Nikiandika leo, na yule bwana wa mzaha asiwapokee, mtakuwa watu wa nani? Nimsaini mtu awe hana kata? Mkurugenzi akiniuliza nimempeleka wapi, nitamwonyesha wapi?”

“Na sasa hivi sisi ni watu wa nani?” aliuliza Pelagia.

Bwana Melkiadi alivuta kitabu chake, akakigeuza upande wa pili, kana kwamba jibu lingeandikwa kwenye jalada. Jina la Evaristi lilikuwa limefutwa humo pia, si kwa rula, kwa mikwaruzo ya hasira iliyotoboa karatasi.

“Sasa hivi,” alisema polepole, “shauri lenu limekwenda juu.”

Kitabu chake kiliishia kwa Katibu Tarafa wake, na cha tarafa kiliishia Kibondo. Kitabu cha Hilali kilipanda ngazi za kwake mpaka Kasulu. Vitabu hivyo viwili havikukutana mahali popote chini ya Kigoma. Basi Kigoma walikuwa wamepelekewa simu, na kesho yake, Ijumaa, afisa wa mkoa angepita na gari. Angeona mto kwa macho yake na kumaliza maneno hapohapo nyumbani kwao.

“Mwandalie kigoda,” alisema Bwana Melkiadi. “Hilo unaliweza.”

* * *

Walikuwa wamefika nusu ya njia ya kurudi Pelagia aliposema, “Baba Niyibizi, kwa nini hukumwambia?”

“Nimwambie nini?”

“Siku ile ya kwanza. Kwamba Hilali ameshakuja.”

“Mtu amekaa kwenye kigoda chako, ana jasho, amepanda mlima. Umwambie amechelewa?”

“Ndiyo! Umwambie amechelewa!”

Evaristi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyesikia jambo lisilowezekana. Walitembea. Baadaye aliuliza bila kumgeukia, “Wewe ungependa wapi?”

Pelagia aliona bati la zahanati kichwani mwake. Aliona pia Rusabagi, ambako aliishi Bazilio, mdogo wa mume wake, na ambako bibi Theodosia bila shaka angependa kuzeekea. Mke aliyefundishwa vizuri haweki tumbo lake mbele ya mama mkwe.

“Pale utakaposema wewe,” alijibu. “Na wewe?”

“Mimi? Popote panafaa.”

“Na Mawe, mama yetu?”

“Mawe hajasema.”

Pelagia alisimama. Aliona kwamba wanaishi watu wazima watatu ndani ya nyumba moja, na hakuna hata mmoja anayejua mwenzake anataka nini, na wote watatu wangehamishwa Jumamosi wakiwa na adabu zao kamili. Alitaka kusema hivyo. Lakini mtoto alimpiga teke tumboni, akashika kiuno, na Evaristi akarudi kumshika mkono. Neno lile likapita.

* * *

Gari la mkoa lilifika Ijumaa saa nne asubuhi, likaachwa juu ya kilima kwa sababu bondeni hakukuwa na njia. Afisa alishuka kwa miguu, Bwana Hilali kushoto kwake na Bwana Melkiadi kulia, nao wawili hawakutazamana. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, jina lake Abdulrahmani, na alikuwa na homa. Alikuwa amevaa sweta na jua linawaka. Alikwenda akaona handaki la matete. Akaenda akaona mto. Akatoa ramani, akaigeuza, akaikunja tena.

“Mnayo mashauri mangapi kama hili?” aliuliza Bwana Hilali kwa upole.

“Kumi na moja. Hili la sita wiki hii.”

Evaristi alikuwa ametoa vigoda vitatu. Bibi Theodosia alikuwa ameamka mapema kuchuja pombe yeye mwenyewe, hakumwachia mkwe. Wageni walipokaa, Pelagia alipiga magoti, akamimina kibuyu kwa kibuyu, akianza na afisa, kisha kwa hesabu ya umri. Niyibizi na wadogo zake walitazama kutoka nyuma ya jiko. Vyungu vilikuwa tayari vimefungwa kwa kamba za migomba, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumamosi, kokote ambako wangepelekwa.

“Nyumba nzuri,” alisema afisa. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Kisha akakohoa, akafungua faili. “Haya. Mto nimeuona. Mito miwili nimeiona. Mkiniuliza mpaka uko wapi, nitawaambia uko kwenye ramani, na ramani ilichorwa na mtu ambaye hakufika hapa. Kuibadilisha si kazi yangu, inapita mpaka Dar es Salaam. Sina mwaka mzima, nina leo.”

“Mwulize mwenyewe, mheshimiwa,” alisema Bwana Melkiadi. “Ana mdomo.”

Afisa alimgeukia Evaristi. “Unataka wapi, mzee?”

Evaristi alikuwa amesimama karibu na lango, kofia mkononi. Mbele yake waliketi wageni watatu kwenye vigoda vyake, na kila mmoja alikuwa na kibuyu chake mkononi. Alitazama mmoja baada ya mwingine.

“Sisi ni wa wote, bwana.”

Bwana Hilali alipiga paja kwa kucheka. Bwana Melkiadi alitema mate kando.

“Vizuri,” alisema afisa, na haikujulikana kama amekasirika au amepata nafuu. “Basi nitafanya hivi. Hesabu za kaya zilikwisha kwenda juu, kwako na kwako. Mahindi yalitoka kwa hesabu hizo. Nikitoa kaya moja popote, kuna mtu ataulizwa. Kwa hiyo sitoi. Nawafanya kaya mbili. Mume na mama yake mzazi, R 47, Rusabagi. Mke na watoto, K 12, Kumugara. Kila kijiji kimepata kaya yake, vitabu vyote viko sawa. Kutembeleana hakukatazwi.”

Pelagia alihesabu bila kutaka: saa moja na nusu, na saa mbili juu yake.

“Ni mwendo wa saa tatu na nusu,” alisema Bwana Hilali, sasa bila kucheka. “Si mbali sana, kwa mtu mwenye miguu mizuri.”

“Unakubali?” afisa alimuuliza Evaristi.

“Ndiyo, bwana,” alisema Evaristi.

Lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyoitika jina lake. Afisa alifungua kalamu kwa meno, akaweka faili juu ya goti, akaanza kuandika. Kwa sababu ya homa aliandika polepole, herufi moja moja.

Pelagia alikuwa bado amepiga magoti, mtungi mikononi. Kibuyu cha Bwana Melkiadi kilikuwa kimebaki tupu, naye alikisogeza mbele kidogo bila kumtazama, kama mgeni anavyofanya. Pelagia hakumimina.

“Baba Niyibizi,” alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua ulikuwa mdogo pia. “Mtu huyu anaandika.”

Evaristi alimtazama mke wake. Akatazama kalamu.

“Bwana, usiandike.”

Afisa hakuinua kichwa. “Umeshasema ndiyo.”

“Nimesema. Huwa nasema ndiyo. Usiandike.”

“Evaristi!” Ilikuwa sauti ya bibi Theodosia kutoka kwenye kigoda chake. “Wageni hawajamaliza pombe.”

“Naona, Mawe.” Kofia ilimwanguka, asiiokote. “Andika Kumugara. Watu sita, na wa saba yuko njiani. Mama yangu na mimi na mke wangu na watoto, wote mahali pamoja. Mke wangu anataka Kumugara. Hajaniambia, ila jana nilimwona akitazama zahanati, akainamisha kichwa haraka ili nisione. Nikaona.” Akamgeukia Bwana Hilali. “Bwana Hilali, mimi si mtu wako. Kiwanja chako sikitaki. Sikukitaka tangu siku ile ya kwanza.”

Bwana Hilali aliweka kibuyu chake chini taratibu. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Tangu aanze kazi alikuwa ametukanwa na wakubwa, amekimbiwa na wadogo, lakini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo akiwa ameshika pombe ya mwenye nyumba.

“Mwandike huko huko,” alimwambia afisa. “Sita wote. Hiyo hesabu yangu nitajua mwenyewe namna ya kuieleza. Simtaki mtu asiyenitaka.”

Afisa alikata maneno aliyokwisha kuandika, akaandika mengine. Ilichukua muda mfupi sana, jambo lililokuwa limewatembeza siku mbili. Pelagia alisikia kalamu ikikwaruza, akaweka mtungi chini. Bwana Melkiadi alinyoosha mgongo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akanyoosha mkono kumpa Evaristi.

“Nilijua,” alisema. “Mtoto wa Nsabimana nilimjua tu. Karibu nyumbani.”

Evaristi hakuupokea mkono ule.

“Usifurahi, Bwana Melkiadi. Wewe pia mimi si mtu wako. Nakuja kwako kwa sababu kesho mnabomoa.” Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta, wala sauti yake haikupanda. “Siku ile uliyokuja wewe, na siku ile aliyokuja yeye, nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mnywe, mshibe, muinuke kwenye vigoda vyangu, mwende zenu. Mtuache hapa.”